Mafunzo Yaliyochelewa Kufika Mashineni

Ukitaka kuijua Majimoto, kwetu Katavi, kaa mashineni mwezi wa saba. Kila kitu hupita hapo: mpunga unaoshuka kwa mikokoteni ya ng'ombe na pikipiki, madalali, wanunuzi wenye malori ya kwenda Mpanda na Tabora, akina mama wa kupepeta, vijana wa kubeba magunia. Mjomba wangu alikuwa na kinu kimoja cha kukoboa karibu na soko, na likizo za shule mimi ndiye niliyeshika daftari. Jina la mteja, magunia, fedha iliyolipwa, deni. Kwa miaka mingi daftari lile ndilo lililokuwa ofisi nzima ya biashara ile.

Wakati huo tulikuwa bado Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, na mkoani kwetu kulikuwa Sumbawanga. Wapimbwe wenye bonde na Wasukuma waliohamia na ng'ombe na majembe yao ya kukokotwa walikuwa wameshaugeuza mpunga kuwa maisha ya watu wote. Injini yetu ilikuwa Lister ya kuzungusha kwa hendeli, yenye pipa la maji la kuipooza, na muungurumo wake ulisikika hadi kanisani.

Aliyekuwa akiiendesha tulimwita fundi tu. Alianza kama kibarua wa kubeba magunia, akawa anasimama nyuma ya mwendesha mashine aliyemtangulia, akitazama. Huyo wa kwanza hakumfundisha kwa hiari. Kila alipotaka kurekebisha kisu cha kinu alimtuma kijana akachote maji, ili asione. Sikumlaumu hata kidogo nilipokuja kuelewa: ujuzi ulikuwa ndio mkataba wake wa kazi, hakuwa na mwingine, na aliyejua kukaza kisu angeweza kuchukua nafasi yake wiki inayofuata kwa ujira mdogo zaidi. Fundi wetu akajifunza kwa kusikiliza. Alijua kwa mlio kwamba mkanda umelegea. Alijua mpunga mkavu kwa kuung'ata: punje ikilia kavu, weka, ikikubali jino, mwambie mwenyewe akaanike tena.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo sikio na jino havikuweza kuyamaliza. Chenga ndizo zilizotutesa. Mteja alileta magunia ya Supa, punje ndefu zenye harufu, akaondoka na mchele uliokatikakatika ambao mnunuzi wa lori aliukataa au aliushusha bei. Ugomvi ulikuwa kila siku. Mwenye mpunga alisema kinu kibovu, mjomba alisema mbegu mbovu, dalali alinyamaza kwa sababu bei ikishuka yeye ananunua. Fundi alibaki katikati, hana la kusema ambalo mtu angelichukua kuwa ni la mtaalamu.

Mafunzo yalikuwepo, ila mbali. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, na cha kwetu kilikuwa Msaginya, upande wa Mpanda. Wazee waliofanya tredi testi za gredi ya tatu na ya pili, zile za chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, tuliwahesabu kwa vidole, na wengi wao hawakurudi bondeni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyote vilikuwa vizuri kwa kijana aliyemaliza shule asiye na mzigo. Fundi alikuwa na mke, watoto na shamba. Kwake, kwenda kusoma kulikuwa ni kuacha kazi, kupanda lori, kuivuka Hifadhi ya Katavi kwa barabara ya vumbi huku mbung'o wakiingia dirishani, na kukaa miezi mingi mahali ambako hakuna atakayemlipa. Hakuwahi hata kuuliza fomu.

Baadaye zikaja semina. Zilifanyika ukumbini, zikiwa na kalamu mpya, soda na posho ya kujikimu, na barua za mwaliko ziliandikwa kwa wenye mashine na viongozi wa vikundi. Mjomba alihudhuria kadhaa. Alirudi na daftari lenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari: masoko, ubora, huduma kwa mteja. Daftari hilo liliwekwa juu ya kabati na likakaa huko. Walioshika mpunga kwa mikono yao hawakuitwa, na hakuna aliyeona kuna kasoro, maana kila mtu aliamini anayepaswa kufundishwa ni tajiri, kibarua ni wa kuelekezwa. Naliona jambo hilo hata leo katika sehemu nyingi, na linaniuma, kwa sababu mchele huharibika mikononi mwa kibarua na hasara humrudia tajiri yule yule aliyekunywa soda.

Elimu ya kwanza niliyoiona ikikaa ndani ya mtu haikuja kwa semina, ilikuja kwa sanduku. Mama mdogo wangu alikuwa mamantilie pale mashineni, akipika wali na maharage kwa vijana wa magunia. Akajiunga na kikundi cha vicoba. Mtindo huo wa kuweka na kukopa ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipokaa na wanawake wa vijijini, na ukafika kwetu ukiwa na sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Mwalimu wao hakuja siku moja na kuondoka. Alikuja kila wiki, kikao kwa kikao, mpaka kikundi kikaweza kujiendesha. Mama mdogo, ambaye hakuwa akiandika zaidi ya jina lake, alianza kutenga fedha ya mtaji na fedha ya nyumbani katika makopo mawili, na baada ya muda akawa anaandika kwa alama zake mwenyewe: duara ni sahani iliyolipwa, mstari ni sahani ya mkopo. Jioni moja alimwambia mjomba mbele yangu, "Kaka, wewe una mashine na mimi nina sufuria, lakini mimi najua leo nimepata faida kiasi gani. Wewe unajua?" Mjomba alicheka, kisha akaniita nilete daftari. Tulikesha. Tuligundua kwamba msimu ule dizeli na vipuri vilikula karibu mapato yote ya miezi miwili, na hakuna aliyejua, kwa kuwa vipuri vilinunuliwa kutoka mfukoni na mfuko hauna kurasa.

Mwaka 2012 mkoa ukagawanywa, Katavi ikazaliwa, nasi tukawa Wilaya ya Mlele. Baadaye ikaja Halmashauri ya Mpimbwe. Watu wa mjini huenda hawaoni uzito wa mabadiliko ya mipaka. Kwetu yalikuwa na maana ya wazi: ofisa maendeleo ya jamii, ofisa biashara na ofisa kilimo walisogea kutoka mahali pa kulala safarini hadi mahali pa kwenda kwa pikipiki na kurudi mchana.

Zikaingia pia mashine mpya za Kichina, za roli mbili za mpira zinazovua ganda kwanza ndipo mchele usuguliwe, tofauti na kinu cha zamani cha chuma kilichofanya yote kwa mpigo. Mpunga mzuri, kilo 100, katika mashine ya roli hutoa kilo 60 hadi 65 hivi za mchele; kinu cha chuma mara nyingi hakifiki hapo, na chenga zake ni nyingi. Mjomba aliuza ng'ombe akanunua. Na hapo sikio la fundi likagoma. Roli za mpira huliwa, zinahitaji kupimwa nafasi kati yake, na zikibanwa mno zinaungua na kuvunja punje.

Ndipo akaja bwana mmoja wa mambo ya usindikaji, aliyekuwa akizunguka vituo vya kukobolea. Hakuomba ukumbi. Alifika saa mbili asubuhi, akasalimia, akaomba injini izimwe na watu wote waje, hata akina mama wa kupepeta na vijana waliolala juu ya magunia. Mjomba alisita, akasema wateja wanasubiri. Yule bwana akasema, "Mzee, na wateja nao waje."

Alichukua mpunga wa aina mbili. Mmoja ulikuwa umeanikwa kwenye turubai na kugeuzwageuzwa, mwingine ulitandazwa juu ya udongo wa moto kutwa nzima. Akapima kilo moja ya kila mmoja, fundi akakoboa. Kisha akamwaga mchele kwenye nyungo mbili na kuwaita akina mama watenge punje nzima na chenga. Walitenga kwa kasi ambayo yeye mwenyewe hakuitarajia. Alipopima tena, tofauti ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho, na mbegu ilikuwa ile ile, ya shamba lile lile. Akatoa punje za mpunga ule wa udongoni, akazivua ganda kwa kucha, akaziinua kwenye mwanga. Zilikuwa na ufa kabla hazijaingia kinuni.

"Fundi," akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua huu utavunjika," fundi akajibu. "Nilikuwa sijui kwa nini, mwalimu, na bila hiyo kwa nini nani angenisikiliza?"

Yule bwana akamwonesha kipimo cha unyevu, kwamba mpunga ukobolewe ukiwa na unyevu wa asilimia 14 hivi, halafu akamwambia ang'ate punje huku kipimo kikisoma. Waliendelea hivyo, jino na kipimo, mpaka fundi akawa anataja namba kabla ya kipimo kuionesha, na mara nyingi alikaribia. Sijaona ufundishaji uliomheshimu mwanafunzi kama ule. Ujuzi aliokuwa nao haukutupwa, ulipewa namba.

Siku hiyo pia mkanda ulipata kizuizi cha wavu wa chuma, kazi ya mchomeleaji jirani. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ni ya mwaka 2003, ila mashineni kwetu ilifika kwa mkono wa mwalimu yule, na kwa kumbukumbu ya kijana aliyewahi kushikwa shati na mkanda. Na ukutani akabandika karatasi: saa za injini, siku ya kubadili oili, siku ya kugeuza roli. Fundi anaiandika mpaka sasa.

Cheti kilikuja baadaye, kwa njia ya urasimishaji wa ujuzi. VETA huwapima mafundi waliojifunza kazini, huwajazia mapengo kwa mafunzo ya muda mfupi, kisha huwatunuku. Ofisi ya Waziri Mkuu ikaiingiza njia hiyo katika programu yake ya kukuza ujuzi. Fundi alikuwa pia akitengeneza magari, akaingia kwa upande huo. Baada ya cheti alidai mkataba wa maandishi, na mjomba akaandika. Akaanza kuwafundisha vijana wawili, kisu na roli, yote mbele ya macho yao. Hakuna tena aliyetumwa maji.

Yapo yaliyobaki nyuma. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, ilisitishwa 2023 na kurejea 2024, na kikundi hutakiwa kupata mafunzo na kuwa na andiko la mradi. Andiko hilo mara nyingi huandikwa steshenari kwa malipo, likinakiliwa kutoka la kikundi kingine, hivi kwamba nimesoma andiko la kukoboa mpunga lenye hesabu za ufugaji wa kuku. Watu wanaoweza kueleza biashara yao kwa mdomo kwa nusu saa bila kukosea wanabebeshwa karatasi wasiyoielewa, na marejesho yakikwama wanaambiwa hawana elimu ya biashara. Mkae nao mashineni na daftari lao, andiko litatoka humo.

Na kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara, inayolipwa na waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi. Mashine zetu hazifiki idadi hiyo, na vibarua wake hawaonekani kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote. Sioni hiyo kuwa sababu ya kuwaacha nje. Akina mama wa kupepeta wanatenga daraja la kwanza na la pili kwa macho siku nzima, na hakuna aliyewapima wala kuwapa karatasi. Kule Chekereni, Moshi, chuo cha kilimo cha KATC kiliwafundisha wakulima wachache wa mpunga, nao wakarudi kufundisha majirani zao mashambani. Njia hiyo ingefaa sana kwa wapepetaji wetu, kwa kuwa walimu tayari wapo miongoni mwao.

Jambo moja la mwisho kwa wanaopanga ratiba za mafunzo katika ofisi za halmashauri Usevya na za mkoa Mpanda. Msituletee mafunzo mwezi wa saba. Wakati huo mashine inafanya kazi mpaka usiku, na anayeizima anakula hasara. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne mpunga uko shambani, vinu vimekaa, mafundi wanavifungua kuvisafisha, na roli zilizochakaa ziko mezani. Njooni wakati huo, asubuhi, na semeni mapema kwamba wapepetaji nao wanahitajika.