Kamande na Soseji Mbili

Wasee, eti kamande ni chakula cha shida? Basi shida inajua kupika. Mdogo wangu anaishi kwangu akitafuta kazi, na gesi lazima ifike mwisho wa mwezi. Maharagwe utaloweka usiku kucha na bado yakule mtungi. Kamande ni kama nusu saa, bila kuloweka.

Utamu uko kwa soseji. Kata vipande, kaanga, toa. Mafuta yaliyobaki ndiyo ya kitunguu, saumu na nyanya. Kamande kikombe kimoja, maji vitatu, funika. Soseji zirudi mwishoni. Chumvi? Onja kwanza, soseji huja na yake.

Juzi mdogo wangu alileta rafiki bila kuniambia. Niliongeza maji kidogo. Hakuna aliyeuliza nyama iko wapi.