Kutoka Keko hadi uwanda wa kipozamataza

Kwa familia za Keko, wilayani Temeke, ndege anayejulikana zaidi ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, anayeonekana juu ya mabati ya karakana za samani na kwenye majalala. Si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akaenea bara, na huko alikofika hula mayai na makinda ya ndege wadogo.

Huyo hata mtoto wa chekechea anamtambua. Kazi ipo kwa ndege wa nyika kavu kaskazini mwa Arusha, njia ya kwenda Namanga. Kabla ya kufika Longido, milima ya Meru na Kilimanjaro ikionekana, kuna uwanda wa nyasi fupi na vumbi. Hapo ndipo anapoishi kipozamataza wa Beesley, aliyeelezwa kisayansi na Benson mwaka 1966. Duniani kote hapatikani kwingine. Ndugu zake wa karibu wako kusini mwa Afrika, katika nchi kama Namibia na Botswana.

Ugumu ni kwamba uwanda huo una vipozamataza wa aina nyingine, wote rangi ya udongo. Anayemtafuta aangalie mambo manne: mdomo mrefu uliopinda kidogo, mkia mfupi wenye ncha nyeupe, kusimama wima, na ukucha mrefu wa kidole cha nyuma. Hutembea chini kwa vikundi vidogo, akichokoa wadudu.

Kumtambua si mchezo wa watalii tu. Asiyetofautishwa na wenzake hahesabiwi, na asiyehesabiwa anaweza kutoweka bila mtu kujua. Anahitaji nyasi fupi, hivyo mifugo ya Wamasai humsaidia ikichunga kwa kiasi. Malisho yakizidi, au uwanda ukigeuzwa mashamba, hana pa kuhamia.

Familia itakayofunga safari ichukue vijana wenyeji wa kuwaongoza, iende asubuhi mapema, ibebe maji ya kutosha na kofia kwa ajili ya watoto, na isipitishe gari nje ya njia. Kiota cha ndege huyu kiko ardhini, na tairi moja linatosha kukifuta.