Dirisha Nililoliona Firenze

Tangu niliporudi kutoka hija ya Roma, watu wa parokia yetu hawaishi kuniuliza: "Karani, umeona nini huko Ulaya?" Wazee hutaka habari za kaburi la Mtume Petro. Vijana hutaka habari za gari moshi liendalo kasi. Akina mama wameniuliza kama ni kweli huko watu hula konokono. (Ni kweli wako wanaowala, lakini mimi sikuandaliwa.) Hayo yote nimekwisha kuyajibu. Liko jambo moja tu nililolinyamazia, nalo ndilo nililolifikiri njia nzima ya kurudi. Naliandika hapa kwa sababu gazeti hili husomwa nyumbani jioni, baba, mama na watoto wamekaa pamoja, na jambo lenyewe ni la nyumba nzima.

Tulikwenda mwezi wa Oktoba 2025, Mwaka wa Jubilei, kundi la mahujaji wa jimbo letu. Nusu ya gharama alinilipia mfadhili mmoja, na nusu niliilipa mwenyewe kwa kuuza ng'ombe watatu. Mke wangu bado ananikumbusha majina yao.

Siku ya tatu, tukiwa tumetoka katika uwanja wa Mtakatifu Petro na kushika njia ya kuelekea mto Tiber, kiongozi wetu alitusimamisha mbele ya hospitali ya zamani sana, iitwayo ya Roho Mtakatifu. Aliyeianzisha ni Papa Inosenti wa Tatu, mwaka 1198. Husimuliwa kwamba wavuvi walitupa nyavu zao mtoni, zikatoka na maiti za watoto wachanga, nao wakampelekea Papa. Habari hiyo imechorwa ukutani ndani ya ukumbi wa wagonjwa. Wataalamu wanasema ni masimulizi tu. Ama yalitokea hivyo, ama hayakutokea, aliyeyasimulia mara ya kwanza alijua vizuri kwamba mtoni mlikuwa na watoto.

Katika ukuta wa nje pangalipo mahali pa gurudumu. Msidhani ni gurudumu la gari. Lilikuwa kasha la mti lililosimama ukutani na kuzunguka, nusu nje, nusu ndani. Mama alikuja usiku, akamweka mtoto kwa upande wa nje, akalizungusha, akagonga kengele, akaenda zake. Aliyekuwa ndani alimpokea mtoto wala hakumwona mama. Mahujaji wenzangu walipiga picha, tukaendelea na njia. Mimi nilibaki nyuma kidogo, hata wakaniita.

Sista mmoja wa kwetu, anayesoma huko Italia, aliona nilivyonyamaza. Akaniambia, "Karani, kama unataka kuyajua mambo haya, twende Firenze. Huko wana madaftari." Basi, kwa karani neno madaftari ni kama neno nyama kwa fisi. Tukapewa ruhusa ya siku moja, tukapanda gari moshi, na kwa muda wa saa moja na nusu tukawa tumefika.

Firenze ni mji wa mawe na makanisa, na wageni ni wengi kama siigizi. Tulikwenda moja kwa moja mpaka uwanja uitwao Santissima Annunziata, yaani wa Bikira Maria aliyepashwa habari na Malaika. Upande mmoja wa uwanja huo iko nyumba ndefu yenye baraza na matao 9, na ngazi za kuipandia. Hiyo ndiyo Ospedale degli Innocenti, nyumba iliyopewa jina la Watoto Mashahidi wa Betlehemu, wale tunaowakumbuka tarehe 28 Desemba. Tajiri mmoja wa mji wa Prato, Francesco Datini, alipokufa mwaka 1410 aliacha wosia wa sarafu 1,000 za dhahabu kwa ajili ya watoto waliotupwa. Chama cha wafanya biashara wa hariri kikaanza ujenzi mwaka 1419, na fundi wake alikuwa Filippo Brunelleschi. Juu ya nguzo, kati ya tao na tao, mna mviringo wa rangi ya samawati, na katikati yake mtoto mchanga wa udongo wa kuchoma, mweupe, amezungushiwa vitambaa mwilini, amefungua mikono. Hizo alizifinyanga Andrea della Robbia mwaka 1487. Nilizitazama sana. Kila mtoto ana sura yake. Mmoja vitambaa vyake vimelegea vinamwanguka, kama anataka kushuka.

Mwisho wa baraza, upande wa kushoto, ndipo palipo dirisha. Mwanzoni palikuwa na jiwe lililochongwa mfano wa bakuli la maji ya baraka, na mtoto aliwekwa humo. Mwaka 1660 likawekwa dirisha lenye nondo, mwanya wake ukiwa wa kumpitisha mtoto mchanga tu. Lilifungwa mwaka 1875. Pana maandishi ukutani yanayokumbusha habari hizo. Nilitia mkono wangu kupima. Kiganja na mkono mpaka kiwiko vilipita, bega likagoma.

Ndani ya nyumba, ambayo sehemu yake sasa ni makumbusho, tulielezwa habari za yale madaftari. Mtoto wa kwanza aliletwa tarehe 5 Februari 1445. Alikuwa msichana, na kwa kuwa siku hiyo ni ya Mtakatifu Agata, akaitwa Agata Smeralda. Tangu hapo kila mtoto aliandikwa: saa aliyofika, nguo alizovaa, aliyemleta kama alionekana, karatasi kama alikuwa nayo, jina alilopewa, na mama wa kijijini aliyepewa kumnyonyesha kwa mshahara. Mwandishi wa daftari hakuandika "mtoto mmoja". Aliandika kofia, aliandika kitambaa kimechakaa au kipya. Nikawaza, huyu karani mwenzangu wa miaka karibu 600 iliyopita alijua kazi. Alijua kwamba siku moja mtu anaweza kurudi akauliza.

Wakati mwingine mama aliacha alama. Katika sanduku za kioo mna vipande hivyo, zaidi ya 100: nusu ya medali ya Bikira Maria, nusu ya sarafu, shanga, kipande cha kitambaa. Nusu moja ilibaki na mtoto, nusu nyingine alikwenda nayo mama, ili siku atakapoweza kumchukua mwanawe, nusu zikutane. Mimi niliziona nusu za upande wa mtoto. Sista alijifanya kusoma maandishi ukutani, nami nikajifanya kusafisha miwani.

Lakini ndugu msomaji, sitaki uondoke hapa ukidhani ya kwamba zamani mambo yalikuwa mema, na sisi wa leo ndio tulioharibika. Katika miaka ya njaa na maradhi, zaidi ya nusu ya watoto waliopokelewa walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Walikuwa wengi mno, maziwa hayakutosha, fedha zilichelewa kwa wanyonyeshaji. Tena tuseme watoto hao walikuwa wa nani. Firenze ya karne ya 15 ilikuwa na watumwa, wengi wao wasichana, waliotoka nchi za Bahari Nyeusi wakauzwa katika bandari za Italia. Bwana alimzalisha mtumwa wake, mtoto akapelekwa Innocenti, na maziwa ya yule mama yakakodishwa kwa nyumba ya tajiri mwingine. Sisi watu wa nchi ya Bagamoyo hatuhitaji kufafanuliwa habari hizo. Na karne za baadaye wengi wa watoto hawakuwa wa haramu hata kidogo. Walikuwa wana wa ndoa, wana wa maskini walioshindwa kulisha mdomo mwingine.

Kwa hiyo dirisha liliokoa wengi, na dirisha hilohilo lilificha mengi. Lilimficha mama, ambaye huenda alihitaji kuonekana. Lakini zaidi lilimficha baba. Ukiuliza mchana huo baba alikuwa wapi, jibu ni kwamba alikuwa uwanjani, ananunua na kuuza, anasalimiwa.

Italia ya leo imeshindana sana juu ya jambo la kutoa mimba. Sheria ya mwaka 1978 iliruhusu katika siku 90 za mwanzo, na mwaka 1981 wananchi walipoulizwa kama waifute, zaidi ya watu 2 katika kila 3 waliopiga kura walisema ibaki. Sista alinieleza pia kwamba sheria ya huko inamruhusu mama kujifungua hospitalini bila jina lake kuandikwa, na mtoto akapata wazazi wa kumlea. Na nyumba ile ya Innocenti haikufa. Ina shule za watoto wadogo, na ina makao ya kuwapokea akina mama pamoja na watoto wao. Neno hilo nilimwomba Sista alirudie: pamoja na watoto wao. Kwa muda wa karne nne walipokea mtoto peke yake. Sasa mlango unawapitisha wawili.

Sasa niseme kwa nini nilisimama nyuma ya wenzangu kule Roma.

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, sitasema upi, binti wa kigango kimojawapo alikuja ofisini kwangu. Benchi la wanaongoja lilikuwa ndani, kando ya meza yangu, nalo lilikuwa limejaa watu. Akasimama mlangoni. Nikamwuliza kwa sauti, kama nilivyozoea kuita darasani, "Wewe binti, shida yako nini?" Watu wote wakageuka. Akasema amekuja kuchukua risiti ya zaka ya mama yake. Nikaiandika, akaipokea kwa mikono miwili, akaenda. Majuma matatu baadaye alibebwa kwa pikipiki usiku mpaka hospitali ya wilaya, akitoka damu. Alikuwa amekunywa mizizi. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Baadaye yule mama yake alikuja, nami kwa kutafuta la kusema nikamwuliza kama ile risiti aliipata. Akaniambia, "Risiti gani, karani? Zaka yangu nilikuwa sijalipa."

Sheria yetu ya Tanzania inasema mwanamke aitoaye mimba yake aweza kufungwa miaka 7, na amtoleaye miaka 14. Kwa mwanafunzi, tangu mwaka 2016 mwanamume aliyempa mimba huweza kufungwa miaka 30. Lakini huyu binti hakuwa mwanafunzi, na mwanamume wake anaendelea kuuza mahindi. Wako watu wasemao ya kwamba vitisho vya sheria ndivyo vinavyowapeleka wasichana kwenye mizizi, kwa hiyo sheria ilegezwe. Mwisho wa maneno yao sikubaliani nao, maana Kanisa linafundisha kwamba aliye tumboni ni mtu, nami naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Lakini mwanzo wa maneno yao ni kweli, nimeuona kwa macho. Tunamwambia binti, "Usiue." Haya, akitii, tunamwambia nini siku ya pili? Wazazi humfukuza. Jumuiya humtenga. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua waweza kurudi shuleni, hata shule ilimfunga mlango. Akija kumbatiza mtoto, sisi tunamwuliza baba ni nani. Na sheria ya Kanisa wala haitutumi kumwaibisha: jina la baba asiye wa ndoa huandikwa likithibitishwa kwa hati ya serikali, au akija yeye mwenyewe kukiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Basi wa kuulizwa ni mwanamume. Katika miaka yangu 6 ya ofisi, waliokuja wenyewe kusema "mtoto huyu ni wangu" nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Na kwa yule aliyekwisha kuitoa mimba, akajuta, tangu mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kumwondolea dhambi hiyo katika kitubio. Nalisema hapa kwa sababu wengi vijijini bado hudhani ni lazima aende kwa Askofu, hivyo haendi popote.

Niliporudi, jambo la kwanza nililolifanya halikuhitaji ruhusa ya mtu. Nililitoa lile benchi ofisini nikaliweka chini ya mwembe, mbali kidogo, na mlango nikautia komeo la ndani. Wazee wamenung'unika kwamba mchana kivuli kinahama na jua linawapata. Nimewaambia nao wahame nacho.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja, si yule. Akasema amekuja kuchukua risiti ya zaka ya mama yake. Nikaufunga mlango, nikamwambia akae, nikaanza kuitafuta kalamu, polepole.