Taa ya Tairi Katika Vilima vya Shap

Majira ya baridi yaliyopita tulijaaliwa kusafiri kwa gari kutoka London hadi Glasgow kuhudhuria akika ya mjukuu wetu. Ni mwendo wa maili 400 hivi, safari ya kutwa nzima. Tulikuwa sisi, mama wa watoto, na wajukuu wawili waliokaa nyuma. Siku mbili kabla tulibadilisha matairi mawili ya mbele katika gereji ya jirani, tukaona kwamba tumejiandaa.

Tulipokwisha kuiacha barabara ya M1 pale Catthorpe na kuingia M6, ikawaka mbele yetu ile taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao. Tukasimama Corley, karibu na Coventry, tukatoa geji. Matairi yote manne yalisoma paundi 36. Kibandiko kilichopo penye mlango wa dereva chataka 33, lakini hicho ni kipimo cha tairi baridi. Likishatembea kwa kasi hupata joto, upepo wake ukapanda kwa paundi tatu au nne. Kwa hiyo hapakuwa na kasoro. Taa ilikuwa imesema uongo.

Uongo huo una asili yake. Magari mengine yana kipimo chenye betri ndani ya kila gurudumu, na betri hiyo ikichakaa, aghalabu taa humweta kwa dakika moja hivi kabla ya kutulia. Gari letu si la namna hiyo. Kompyuta yake huhesabu tu mizunguko ya magurudumu. Tairi lililopungukiwa na upepo hunywea, likazunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake. Lakini tairi kuukuu lililolika nalo hufanya vivyo hivyo likiwekwa pamoja na jipya! Fundi wetu alifunga mapya mbele, wala hakuibonyeza ile swichi ya kuifundisha kompyuta upya. Tukaibonyeza wenyewe, taa ikazimika, nasi tukajiona mahodari.

Baada ya Lancaster nchi hubadilika. Nyumba huadimika, kuta za mawe hupanda vilimani bila ya chokaa wala saruji, na penye bonde la mto Lune barabara, reli na mto hupita ubavu kwa ubavu. Mbele yake ni Shap, ambako M6 hupanda hadi futi elfu moja na zaidi juu ya bahari. Mvua iliyochanganyika na theluji ilianza kutupiga, na taa ikawaka tena.

Tukaingia Tebay, kituo kilichofunguliwa mwaka 1972 na jamaa ya wafugaji ambao shamba lao lilikatwa na barabara hiyo. Hadi leo wana duka la mazao ya mashamba, na bata kidimbwini. Lakini sisi hatukuwa na haja ya bata. Baridi ilikuwa kali, Alasiri imeshaingia, na kidole chetu kilikwisha kuigusa swichi. Mama wa watoto akasema, "Mwalimu, pima kwanza."

Tukashuka kwa kunung'unika. Matatu yalisoma 36. La nyuma kushoto, chini ya kiti cha mjukuu mdogo, lilisoma 24, na skrubu ilikuwa imezama katikati yake.

Tulisimama pale mvuani bila ya kusema neno. Lau tungalibonyeza, kompyuta ingaliichukua hiyo 24 kuwa ndiyo sahihi, nasi tungaliendelea kwa maili 70 kwa saa, kimya, kuelekea mlimani. Tuna marafiki walioifunika taa hii kwa plasta, na tulikuwa tumewacheka.

Tulifunga tairi la akiba, lile jembamba lisiloruhusiwa kuzidi maili 50 kwa saa, tukajikokota hadi Penrith. Huko fundi alilitia kiraka lile la mwanzo na kulirudisha mahali pake. Glasgow tulifika baada ya Isha.

Asubuhi yake kulikuwa na barafu juu ya vioo. Kabla ya wageni kufika tulizipima tairi zikiwa baridi, mjukuu akishika geji: 30, 30, 29, 30. Hapakuwa na pancha wala hitilafu. Upepo husinyaa kwa karibu paundi mbili kila joto likishuka nyuzi 10, na London tulijaza ndani ya gereji yenye moto. Mkwe wetu akaleta pampu yake ya mguu, tukajaza hadi 33 kila moja, ndipo mtoto akaruhusiwa kubonyeza swichi.