Safari ya Kwenda Kuliona Bunge

Wengi wetu tukaao mashambani hulisikia Bunge katika redio tu, wala hatujui lilivyo. Mimi mwenyewe, ingawa ni karani wa Serikali, sikuwa nimelikanyaga mpaka siku ile baba yangu mdogo, mkulima wa mahindi, aliponiambia, "Mwanangu, nimepiga kura tangu ujana wangu. Kabla sijafa nataka nikaone kura zangu zinakokwenda." Basi nilipopata likizo tulifunga safari kwenda Nairobi.

Jengo lenyewe lilikamilika mwaka wa 1954, nalo lina mnara wa saa unaoonekana toka mbali. Katika kiwanja chake ndipo alipozikwa Hayati Mzee Jomo Kenyatta, aliyefariki mwaka wa 1978. Baba mdogo alivua kofia, akasimama kimya kwa muda.

Tulipokuwa tukingoja kuingia, nilimweleza habari za zamani. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1907, na ndani yake hamkuwa na Mwafrika hata mmoja. Ilipita miaka 37 mpaka Bwana Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka wa 1944. Mwezi wa Machi 1957 ndipo Waafrika walipowachagua wajumbe wao wa kwanza, watu wanane, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Hata hivyo kura hazikuwa sawa: kwa elimu yake, mapato yake au mali yake, mtu mmoja aliweza kupata hadi kura tatu, na asiye na sifa hizo hakupata hata moja.

"Kumbe mali ya mtu nayo ilipiga kura!" akasema mzee, akacheka. Nikamwambia kwamba mwezi wa Mei 1963 kila mtu mzima alipata kura yake moja, tajiri kwa maskini.

Tuliketi katika roshani ya wageni. Mbele ya Spika iliwekwa siwa, fimbo ya enzi. Neno hilo ni la pwani, kwa maana siwa za Pate na Lamu zilikuwa pembe za kupulizwa katika sherehe za watawala. Mjumbe mmoja alisimama akasema kwa Kiingereza, na mzee akainama kunisikiliza nikimfasiria. Wa pili alisema kwa Kiswahili, na hapo mzee akaketi wima. Nilimwambia kuwa Kiswahili kiliruhusiwa katika Bunge mwaka wa 1974, na kwamba mjumbe akianza kwa lugha moja hana budi kumalizia kwa lugha hiyo hiyo.

"Na miswada yenyewe huandikwa kwa lugha gani?" akauliza.

Nilijibu, "Kwa Kiingereza." Hakusema neno, lakini uso wake ulinifanya nione haya, kwa kuwa mimi niliyesoma sikuwahi kumsomea hata ukurasa mmoja.

Nalikumbuka yaliyotukia mwaka wa 2024. Vijana waliufasiri Mswada wa Fedha kwa lugha za watu, wakaueneza, na nchi nzima ikaelewa kodi zilizokuwa zikija. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo haya haya; sehemu iliteketea, na watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia mswada ule sahihi. Maisha yale hayarudi.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Mtu aweza kumwandikia Karani wa Bunge maoni yake kabla ya mswada kupitishwa. Mzee aliposikia hayo akasema, "Basi mkubwa wa makaratasi hapa ni karani mwenzako! Wewe utaandika, nami nitasema."

Hivyo ndivyo tufanyavyo sasa. Mswada unaohusu shamba ukitangazwa, nausoma, namfasiria yeye na jirani zake, nao hunitajia ya kuandika. Ndugu msomaji, wewe uliyesoma, mtazame mzee aliye karibu nawe. Kura yake imekwisha kufika Nairobi. Msaidie na maneno yake yafike.