Deni la Mpira wa Baiskeli

Ndugu msomaji, nakuomba uketi nami kidogo nikusimulie deni lililonikaa shingoni miaka saba. Halikuwa deni la fedha wala la shamba. Lilikuwa deni la mpira wa ndani wa baiskeli, kitu ambacho Mombasa siku hizo kilitundikwa madukani kama mashada ya vitunguu.

Mwezi wa Januari 1984 nalitoka Mombasa kwenda Tanga kwa baiskeli. Utakumbuka, au wazee wako watakukumbusha, kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Muda wote huo, watu wa pwani moja na lugha moja, waliooleana na kuzikana, walikuwa wakipashana habari kwa kubahatisha. Mama yangu mdogo, ndiye aliyenilea baada ya kufa mama, alikuwa Tanga, nami sikuwa nimemtia machoni tangu 1976. Nalikuwa kijana wa miaka 24, mwenye nguvu za miguu na kiburi cha kutosha. Nauli niliyokuwa nayo niliigeuza sabuni, sukari na doti moja ya kanga, kwani tulisikia kwamba upande wa pili vitu hivyo vimekuwa adimu. Nikafunga mzigo nyuma ya baiskeli, nikavuka feri ya Likoni baada ya sala ya alfajiri, upepo wa kaskazi ukinisukuma mgongoni.

Njia hiyo inapita kilomita 150. Mpaka Ukunda nalikuwa nikiimba. Msambweni nikanyamaza. Nilipofika kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi, ambapo kiwanda kilikuwa bado kinasaga miaka hiyo, jua lilikuwa limenipiga kichwani hata nikaona barabara inacheza. Nikakaa chini ya mwembe. Kijana mmoja wa bara, kibarua wa miwa, Mkristo, akanikuta pale, akanishika mkono kama anayemwongoza kipofu, akanipeleka chumbani kwake. Akaninywesha maji kidogo kidogo. Nilipomwomba maji ya kutawadha alinipa ndoo nzima, naye nilikuja kujua baadaye kwamba maji yale aliyachota mbali. Akaniuliza kwa adabu ninaelekea upande gani nikisali, akasogeza kitanda ili nipate nafasi. Usiku akapika ugali na mchicha, akaniambia, "Nyama ninayo, ndugu, lakini sikuchinja mimi wala hukuchinja wewe, basi tuiache." Yeye akala mchicha pamoja nami. Sijui ni wangapi miongoni mwetu wanaomchungia mgeni dini yake kwa kiasi hicho.

Siku ya pili nikavuka Lunga Lunga, nikakaguliwa, nikatokea Horohoro. Hapo lami ikaisha. Ilikuwa njia ya vumbi na mawe, na kabla ya alasiri mpira wa nyuma ukatoa mlio. Ulikuwa umechanika penye valvu, mahali ambapo kiraka hakishiki. Viraka nilikuwa navyo, gundi nilikuwa nayo, pampu nilikuwa nayo, mpira wa akiba sikuwa nao. Ndicho kiburi nilichokutajia.

Nikaikokota baiskeli hadi magharibi, nikafika kijiji cha Wadigo chenye msikiti mdogo wa udongo. Mlangoni palikuwa na mtungi wa maji na kata ya kifuu, na jamvi la kufutia miguu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika habari ya watu kuosha miguu penye mlango wa msikiti, wakaifuta kwa jamvi kabla ya kuingia. Baada ya sala mzee mmoja akanitazama miguu, akatazama baiskeli, hakuniuliza natoka wapi. Alisema tu, "Mwanangu, twende nyumbani." Jina lake sitaliandika, kwani ni haki ya jamaa zake.

Nililala kwake. Mkewe alinipa wali wa nazi na dagaa, na kwa jinsi watoto walivyokuwa wakiutazama ule wali nikafahamu kwamba haukuwa chakula chao cha kila siku. Nikatoa mche wa sabuni nikampa mama yule. Akaukata kwa uzi katikati, nusu akaipokea, nusu akairudisha katika mzigo wangu, akasema, "Hii ni ya mama yako aliyekungoja."

Asubuhi nikamkuta mzee ameipindua baiskeli yake mwenyewe, anatoa mpira wa nyuma. Magurudumu yetu yalikuwa ya kipimo kimoja, inchi 28. Nikamwambia, "Baba, na wewe je?" Akanijibu kwamba yeye yuko kwao, mimi niko njiani. Ndugu msomaji, siku hizo Tanzania mpira wa baiskeli haukupatikana kwa kwenda dukani tu, na ile baiskeli ndiyo iliyokuwa ikibeba makaa na nazi zake. Nikataka kumpa shilingi, akakunja mkono wangu. Basi nikaahidi, mbele yake na mbele ya mkewe, kwamba nikirudi nitamletea mipira miwili mipya. Akasema, "Inshallah," nami nikasema, "Inshallah."

Nilifika Tanga adhuhuri. Kukutana kwangu na mama mdogo sikuelezi. Mwenye mama atakuelewa. Nilikaa kwake siku ishirini. Nilipotaka kurudi, binamu yangu alipata lori la kwenda mpakani, tukapakia na baiskeli, tukaondoka usiku. Nilipita kile kijiji nimelala juu ya magunia.

Hapo ndipo pana aibu yangu, na ndipo nilipotaka tukae. Mombasa nilinunua ile mipira miwili wiki ile ile. Niliiweka kabatini. Nikasema nitaipeleka baada ya Ramadhani. Kisha nikasema baada ya kuoa. Mmoja niliutumia mwenyewe siku moja ya dharura, nikaazimu kununua mwingine. Mwaka wa kwanza nalikuwa nikimkumbuka mzee yule kwa furaha. Mwaka wa tatu nikawa nikisikia jina la Horohoro nageuza mazungumzo. Ajabu ya deni ni hiyo. Lingekuwa limelipwa, ningemtembelea kila mwaka kama baba yangu. Kwa kuwa sikulilipa, nikaanza kumkimbia mtu aliyenitendea wema, na nafsi ikanitafutia udhuru: kwamba ni mpira tu, kwamba amekwisha kusahau, kwamba alitoa kwa ajili ya Mungu. Kweli alitoa kwa ajili ya Mungu, lakini mimi niliahidi kwa ulimi wangu. Na Mtume (S.A.W.) amekwita kuchelewesha kwa mwenye uwezo wa kulipa kuwa ni dhulma.

Tunapenda kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtume ametufundisha kwamba ukarimu wa mgeni ni siku tatu, kwa hiyo methali yetu imempunja siku nzima. Na katika Sura ya Tawba, aya ya 60, msafiri aliyekwama njiani ametajwa miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka. Hayo tunayasoma na tunayasomesha. Lakini tazama nyumba zetu za mjini: babu zetu walijenga baraza nje ya mlango ili apitaye apumzike, nasi tumetia vyuma. Mimi mwenyewe, miaka ile ile ya deni langu, niliwahi kumkuta mtu mgeni amekaa barazani kwangu na kikapu chake, nikamsalimu, nikaingia ndani kula, nikafunga. Alipoondoka sikujua. Mpira ulikuwa kabatini.

Mwaka 1991, mama mdogo alipofariki, nilikwenda kuhani, na safari hii nikachukua mipira miwili, nikateremka katika kile kijiji. Mzee alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Nilimkuta mwanawe, aliyekuwa mmoja wa watoto wale waliotazama wali. Nilipojitaja hakunikumbuka, lakini nilipotaja mpira akacheka. Akasema anakumbuka kwamba baba yake alijaza majani makavu ndani ya tairi la nyuma, akaenda nalo hivyo muda mrefu, na watoto wakimfuata njiani wakichomoa majani yaliyotokeza. Nikamuuliza kama alipata kunitaja. Akasema, "Kwa mpira? La. Akisema tu kwamba kuna kijana alikuwa akienda kwa mama yake, sijui alimkuta?"

Nikampa mipira, kwani deni la maiti ni la warithi wake. Akasema baiskeli waliiuza zamani, akaichukua hata hivyo, akampelekea mama yake ndani. Yule mama alitoka akiwa ameishika mkononi, macho yake yameingia ukungu. Nikamweleza kila kitu, na kuchelewa kwangu, na lori, na kabati. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mama yako ulimkuta?"

Nikamwambia, "Nilimkuta, mama."

Akamwita mjukuu wake alete maji ya kunawa.