Bruce Lee, Mfalme Sulemani na Mchezo wa Katoni

Tangu nifike Rusizi nimeulizwa maswali mengi na nimeyajibu yote. Jina, mwaka wa kuzaliwa, umetoka kijiji gani, familia ina watu wangapi, nani mgonjwa, mlivukia wapi. Ni maswali ya lazima. Bila hayo hakuna kadi, na bila kadi hakuna unga. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza: wewe unapenda filamu gani? Silalamiki, karatasi ina nafasi yake na foleni ni ndefu. Lakini kwa kuwa jarida letu hili halina foleni, nimeona nijibu hilo swali ambalo sijaulizwa.

Napenda filamu za mbali. Nianze na Bruce Lee. Watu wakimtaja wanakumbuka mateke. Mimi nakumbuka The Big Boss, ya mwaka 1971. Ndani yake yeye ni kijana wa Kichina aliyehamia Thailand kwa ndugu zake, akapata kazi kwenye kiwanda cha barafu. Shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha ahadi aliyompa mama yake kwamba hatapigana tena. Basi kwa muda mrefu anatazama tu wenzake wakionewa. Tulipokuwa watoto Bukavu, tumebanana kwenye chumba cha video, tulikuwa tunampigia kelele: “Pigana sasa! Unangoja nini?” Leo nikiitazama, kile kipande cha kungoja ndicho ninachokipenda. Mgeni kwenye nchi ya watu, analala kwa ndugu, anakula chakula ambacho hakununua yeye, na anajua kwamba ugomvi wake mmoja utalipwa na nyumba nzima. Hapo hajarusha teke hata moja, lakini moyo unadunda.

Ya pili ni Sholay, ya Wahindi, mwaka 1975. Wezi wawili marafiki, Jai na Veeru, wanaajiriwa kumkamata jambazi anayeitwa Gabbar Singh. Kila wakifika penye uamuzi mgumu Jai anarusha sarafu. Mwishoni majambazi wanawafuata, risasi zinakwisha, mmoja lazima abaki kuwazuia na mwingine akimbie kutafuta msaada. Sarafu inarushwa, Jai anabaki, Jai anakufa. Ndipo Veeru anaiokota ile sarafu na kuona kwamba pande zake zote mbili zinafanana. Kumbe rafiki yake alikuwa anachagua mwenyewe siku zote. Nimeshabishana na watu wengi kama ule ulikuwa udanganyifu. Mimi nasema hapana, lakini sina hoja ya kutosha, nina machozi tu.

Filamu hizi hazikutufikia peke yake. Zilikuja na mtu wa kuzisimulia. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na hapa Rwanda kuna agasobanuye, filamu ambazo msimuliaji anazieleza kwa Kinyarwanda juu ya sauti za wachezaji. Ukikaa kwenye chumba cha video cha Kamembe utasikia mzungu wa New York akizungumza kama mwenye duka wa hapahapa. Msimuliaji anaongeza utani, anamwonya shujaa, anamtukana adui, na pengine anaeleza jambo ambalo halimo kabisa kwenye filamu. Wengine wanaona ni kuharibu. Mimi Kinyarwanda changu cha mwanzo nilikipata pale, na ndiyo maana kwa miezi kadhaa nilikuwa najua kusema “weka bunduki chini” kabla ya kujua kuuliza bei ya viazi.

Mzee mmoja wa kwetu hafurahii mambo haya. Aliniambia, “Mwanangu, umeacha hadithi za babu zako, umeshika za Wachina na Wahindi.” Nilimjibu kwa heshima, na nilimjibu kwa sambaza. Hakuna chakula tunachokiita chetu kuliko sambaza wa Ziwa Kivu. Usiku ukiwa juu ya mlima unaona taa za wavuvi, na upepo ukielekea huku unasikia nyimbo zao. Lakini sambaza hakuzaliwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akaachiwa ziwani, akazaana. Leo mtu wa Bukavu na mtu wa Kamembe wanagombania nani anajua kumkaanga vizuri zaidi. Hivyo ndivyo ninavyoziona filamu za kigeni. Swali la kwamba kitu kimetoka wapi huwa linakwisha siku ile unapogombania namna ya kukipika. Mzee alicheka, akasema mdomo ninao. Hakusema nimeshinda.

Vitabu navyo ni hivyohivyo. Nina nakala ya Mashimo ya Mfalme Sulemani isiyo na jalada. Ni riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard ya mwaka 1885, na Frederick Johnson aliitia kwenye Kiswahili mwaka 1929. Ukiisoma kama mwandishi alivyotaka, ni hadithi ya wazungu watatu wanaokwenda kumtafuta ndugu aliyepotea, na njiani wanafikia almasi. Kuna namna wanavyowatazama Waafrika ambayo inaudhi, sitaificha. Lakini yupo mtu mwingine mle ndani. Anaitwa Umbopa. Anaomba kazi ya kubeba mizigo, haelezi kwao ni wapi, anatembea jangwani pamoja nao na kiu ileile. Baadaye tunajua kwamba ni mtoto wa mfalme. Baba yake aliuawa, mama akamchukua mgongoni, wakavuka milima, wakaishi kwa watu. Jina lake la kweli ni Ignosi na anarudi nyumbani.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Yaani mkimbizi alikuwa ndani ya hadithi tangu ukurasa ule aliotokea, amebeba mizigo ya wengine, na hakuna aliyemuuliza vizuri! Tangu siku hiyo nakisoma kitabu kile kama kitabu cha Ignosi. Hao wengine wanamsindikiza.

Kinyume chake ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekimbilia Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakileta nyumbani kwa Kiswahili mwaka 2022. Nacho kina msafara, kina misitu, kina wafalme wa bara, kila kitu cha kitabu cha safari kimo. Ila kijana Yusuf hakuchagua safari. Baba yake alikuwa na deni kwa tajiri, basi mtoto akatolewa awe rehani, naye akidhani anakwenda kutembea kwa mjomba. Nakiheshimu sana kitabu hicho. Lakini sikisomi usiku. Usiku nataka safari ambayo mtu ameichagua.

Nadhani ladha yangu yote imekaa hapo. Ninachotafuta kwenye filamu na vitabu ni mtu aliyesimama penye njia panda na anaweza kweli kwenda kulia au kushoto.

Ndiyo sababu nilitengeneza mchezo. Hapa kituoni watoto wana mpira, kamba na igisoro ya kuchimba mashimo kwenye udongo. Mvua ikinyesha, na Rusizi inanyesha kweli, vyote vinakwisha. Basi nilichukua katoni la sabuni, nikalifungua, nikachora Ziwa Kivu na kalamu. Kuna vyumba 60. Unaanza Kamembe, unapanda mtumbwi hadi Ijwi, unaendelea kaskazini mpaka Goma, unapanda Nyiragongo ambako nimeficha hazina, kisha unarudi. Wachezaji ni vizibo vya soda. Dadu hatuna, tunarusha sarafu ya faranga 100. Ikitua kwa namba unakwenda hatua mbili. Ikitua kwa nembo unachukua kadi, na kadi inakupa njia panda. Dhoruba inakuja: utaingia kisiwani au utaendelea? Mvuvi anakupa samaki ukimsaidia kuvuta wavu, lakini utachelewa: utamsaidia? Kadi nilizikata kwenye majalada ya madaftari ya zamani.

Hatari kubwa niliyoweka ni mazuku. Mtu wa upande wa Goma hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: ni hewa mbaya inayotoka ardhini karibu na volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala mabondeni, haionekani, na anayeingia hukosa pumzi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona mahali ambapo mtoto au mbuzi anakufa, kwa sababu yeye kichwa chake kiko juu. Kwenye mchezo kuna vyumba vitano vya mazuku, na sheria yangu ilikuwa fupi: ukiingia, umekufa, toa kizibo chako.

Siku ya kwanza kizibo cha msichana mmoja wa miaka tisa kiliingia. Alikitoa bila ugomvi. Aliyekataa alikuwa rafiki yake.

“Yaya, huyu atabakia pale peke yake?”

“Ni mchezo tu.”

“Hata ni mchezo. Mwenye iko mbele arudie nyuma, amuchukue.”

Wakajadiliana, mimi nikawa karani. Sheria ikawa hivi: mchezaji yeyote akitaka anaweza kurudi hatua tatu, akamtoa aliyeanguka, na kutoka hapo wanatembea pamoja kwa kurusha mara moja. Niliwaambia kwamba hivyo mchezo utakuwa mrefu na mshindi hatajulikana. Wakaniangalia kama mtu aliyesema mvua inalowesha. Jioni moja vizibo vinne vilifika kwenye hazina pamoja.

Halafu kuna kijana mmoja anayependa kurusha sarafu kwa niaba ya wote. Anaidaka, anaifunika kwa kiganja, anachungulia, anatangaza: “Namba!” Nimeona kwamba mwenzake akiwa amebakiza hatua mbili kuingia mazuku, nembo inatoka mara nyingi ajabu. Hakuna anayeomba kuona kiganja. Hawa hawajawahi kuiona Sholay. Hakuna aliyewafundisha.

Dada mmoja anayefanya kazi kwenye shirika aliuona mchezo, akaupenda, akatoa wazo. Kwa nini tusitengeneze mwingine unaoitwa Safari ya Mkimbizi? Vyumba viwe kizuizi cha barabarani, mto, mpaka, kuandikishwa, kupata hema. Ungesaidia watoto kueleza waliyopitia, na wageni wangeelewa. Alisema kwa nia njema kabisa, na najua watu ambao mchezo wa namna hiyo ungewasaidia. Nilimwambia tuwaulize wenyewe. Akawaeleza vizuri, taratibu. Wakanyamaza kidogo. Yule kijana wa sarafu ndiye aliyejibu:

“Ile tunaijua, Mama. Tunataka yenye hatujue.”

Yule dada hakukasirika. Alikaa chini kwenye mkeka, akaomba kizibo. Alianguka kwenye mazuku mara mbili, na mara zote mbili alifuatwa.

Ndugu zangu mnaofanya kazi na sisi, neno langu ni hilohilo la mtoto. Hadithi ya njiani tutaisema, na inafaa isemwe, maana wapo waliobaki njiani wasio na mtu mwingine wa kuwasemea. Lakini njia ile haikuwa chaguo letu. Ukitaka kumjua mtu, muulize pia alichochagua: filamu aliyoitazama mara kumi, wimbo anaouimba akifua, timu anayoililia. Mpaka tulipita bila magodoro, bila sufuria, wengine bila vyeti vya shule. Hicho anachokipenda mtu kilipita naye kizima. Ukikiuliza unakutana na mtu jinsi alivyokuwa kabla ya foleni, na utaona namna anavyoinua kichwa.

Nanyi wenzangu, katoni zipo na vizibo vipo. Sheria nimeshaziandika hapo juu. Chora ziwa au mlima unaoupenda, weka hatari tano na hazina moja.

Hapa ni kituo cha kupita, na basi za kwenda Mahama zinakuja. Juma moja kabla ya familia yake kuondoka, kijana wa sarafu alikuja na daftari, akanakili mchezo wote chumba kwa chumba. Nilimwambia kwamba kule hakuna Ziwa Kivu, kuna mto Akagera, na mazuku hakuna. Akafikiri. Akauchora mto. Kwenye vyumba vitano akaandika: kiboko. Ile sheria ya kurudi hatua tatu aliiweka juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

Kama unasoma haya ukiwa Mahama, na umeona watoto wameinama juu ya katoni lenye mto na viboko, kaa chini uombe kizibo. Na yule mwenye kurusha sarafu, tafadhali usimwambie afungue kiganja.